Maswali tunayoulizwa sana kuhusu maisha na huduma yetu Newala

Kila tukienda likizo nyumbani Taita, Kenya, na kila simu inapoita Jumapili jioni, maswali huwa ni yale yale, na majibu tunayoyatoa kwa haraka hayatoshi. Nimeamua kuyaandika. Mimi ni mke, mume wangu ni padre wa Kanisa Anglikana. Tuko Newala, Mkoa wa Mtwara, na huu ni mwaka wetu wa sita. Tuna watoto wawili. Ninawaandikia washarika wanaotuombea, vijana wanaofikiria kuja, na wazazi wetu ambao bado wana wasiwasi.

Newala ni wapi, na mtu anafikaje?

Ni kusini kabisa mwa Tanzania, juu ya uwanda wa Makonde. Mjini kuna mahali panaitwa Shimo la Mungu. Ukisimama pale ukingoni, nchi inakatika ghafla mbele ya miguu yako, unaliona bonde la Mto Ruvuma chini kabisa, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Asubuhi za baridi ukungu hujaa bondeni hata ukadhani ni bahari.

Kutoka Voi tunapita Taveta, tunavuka Holili, tunashuka Moshi hadi Dar es Salaam, tunalala. Alfajiri tunapanda basi la kusini. Tunavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, tunapita Somanga na Nangurukuru, na tukifika Mnazi Mmoja ya Lindi njia zinaachana: wa Mtwara wanakwenda kushoto, sisi tunashika njia ya Mtama, Nyangao, Ndanda hadi Masasi, kisha tunapanda uwandani. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa, barabara ilikatika Somanga tukiwa tumekwama upande wa Dar na watoto. Tangu hapo hatusafiri wakati wa masika bila akiba ya nauli na chakula.

Kwa nini Mkenya awe mmisionari Tanzania? Huko si kuna Wakristo tayari?

Wapo, na wengi wao imani yao ina mizizi mirefu kuliko yetu. Swali hili ndilo linalonigusa kuliko yote, kwa hiyo nivumilieni.

Mwaka 1876, miaka 3 baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa, Askofu Edward Steere aliongoza msafara wa watu walioachiwa huru kutoka utumwani. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na kwao, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, wengi wakaona wamefika, wakajenga. Kanisa la hapa lilianzia kwa watu hao, waliokuwa wameuzwa kisha wakarudi wakiwa na Injili. Mwaka 1882 Wangoni waliojulikana kama Magwangwara waliivamia Masasi, wakaua na kuteka, na kanisa likaanza upya. Dayosisi ya Masasi ilipata askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, mwaka 1926.

Lakini mtu ninayependa watoto wangu wamjue ni Padre Cecil Majaliwa. Alikuwa mtoto wa Kiyao aliyeuzwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa Zanzibar. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, huku huku kusini, akiwa na familia yake, na mwaka 1890 akapewa upadre. Kwa hiyo mtu anaponiambia umisionari ni kazi ya Wazungu, ninamjibu kwamba Mwafrika aliye na mke na watoto alikuja kuifanya kazi hii hii katika eneo hili zaidi ya miaka 130 iliyopita. Hatukuanzisha kitu.

Tulikuja kwa sababu tulialikwa. Parishi iliyotupokea ina makanisa 7 ya vijijini, na mwezi una Jumapili 4 tu. Padre aliyekuwapo alikuwa mzee na mguu unamsumbua. Waliomba mtu, mume wangu akakubali, na mimi nikakubali baada ya kulia wiki nzima.

Ni kweli mnafukiza ubani kama Wakatoliki?

Ni kweli. Sisi Waanglikana wa Kenya tulilelewa na CMS, misheni ya Kiinjili ya Uingereza: ibada ya maneno, mahubiri marefu, meza iliyo wazi. Kusini ya Tanzania ililelewa na UMCA, misheni iliyotoka vyuo vikuu vya Uingereza, na hao walikuwa watu wa madhabahu. Huku husemi "ibada ya Jumapili," unasema "misa." Kuna kengele, kuna mavazi ya rangi kufuata majira ya Kanisa, kuna Salamu Maria.

Jumapili ya kwanza mume wangu alikaa kimya katika sakristia. Mzee aliyekuwa mhudumu wa madhabahu, mtu wa zaidi ya miaka 70, alikuwa amechuchumaa nje akipuliza makaa ya chetezo kwa mdomo, taratibu, mpaka yakawa mekundu pande zote. Kisha akachukua ubani kwa vidole viwili, akaunusa kwanza, akaufunga kwenye karatasi. Alipoingia alimshikisha mume wangu ule mnyororo, akaurekebisha mkono wake kama unavyomshika mtoto anayejifunza kuandika. "Hivi, Padre. Sala zinapanda." Hakusema neno jingine. Mume wangu alinieleza baadaye kwamba alikuwa amejiandaa kubishana, lakini hapakuwa na wa kubishana naye.

Kwenu mnaouliza kama tumeacha uinjili: tunahubiri Kristo yule yule.

Siku ya kawaida ikoje?

Inaanza na maji. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake, maji yako chini sana, na mradi mkubwa wa maji unaosukuma kutoka bondeni haujafika kila kijiji kila siku. Watu wengi wanaishi kwa maji ya mvua. Nyumba yenye bati huwa na michirizi, na michirizi humwaga kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa uani. Kisima kikijaa masika, familia inahesabu ndoo hadi mvua nyingine ije.

Mvua yetu ya kwanza ilinyesha usiku. Tulikurupuka na mabeseni na ndoo zote tulizokuwa nazo, tukafungua na mfuniko wa kisima. Jirani akapaza sauti gizani: "Mama Padre, msikinge ya kwanza! Acheni ioshe bati!" Miezi ya kiangazi yote vumbi, majani na mavi ya ndege yamelala juu ya paa. Mvua ya kwanza huachwa ipite, ya pili ndiyo inayokingwa. Tulikuwa tayari tumeingiza ndoo kadhaa za maji meusi kisimani. Kesho yake vijana watatu walikuja bila kuitwa, wakakisafisha kisima chote, wakaondoka bila kuomba hata soda.

Baada ya maji ni sala ya asubuhi, uji, watoto shuleni. Mume wangu anachukua pikipiki kwenda vijijini, ananiachia wageni. Wageni ni kazi kamili. Huku mtu hapigi simu kuuliza kama upo. Anapiga hodi, anakaa, mnaulizana habari za nyumbani, za shamba, za wagonjwa, na jambo lililomleta analitaja akiwa amesimama kuaga. Ilinichukua muda kujua kwamba dakika zile za mwisho mlangoni ndizo za kusikiliza kwa makini.

Mnakula nini?

Ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, mbaazi, samaki wakavu kutoka pwani, wali siku yenye neema. Wakati wa ming'oko tunakula ming'oko: ni mizizi ya porini, inachimbwa, inachemshwa, unaichovya kwenye chumvi yenye pilipili. Binti yetu anaipenda kuliko mkate. Na korosho, bila shaka, zile zilizobanguliwa kwa moto nyumbani.

Kiswahili si ni kile kile?

Hapana. Nilijiona mjuzi, kwa sababu sisi Wataita tuko karibu na pwani. Siku ya pili niliingia dukani nikamwambia mama mwenye duka, "Nipe sukari kilo moja." Alinipa, lakini uso wake ulibadilika. Jirani yangu akanivuta kando: "Dada, huku tunaomba." *Naomba sukari. Naomba kupita. Naomba unisaidie.* Hata kama una pesa mkononi, unaomba. Na mkubwa unamwamkia shikamoo kabla ya neno lolote, hata kama nyumba inaungua.

Vijana wanaotaka kuja, lishikeni hili kabla ya jambo lolote la theolojia. Maneno mazuri ya Injili yakisemwa kwa sauti ya kuamuru, huku yanasikika kama matusi. Na mkifika, jifunzeni Kimakonde angalau cha salamu. Bibi ambaye hajawahi kunitazama usoni alinishika mikono yote miwili siku niliyosema "nangu" badala ya "mimi."

Kazi ya kanisa hasa ni ipi?

Misa, ubatizo, kipaimara, ndoa, wagonjwa, na misiba. Makatekista ndio wanaobeba kanisa. Katika makanisa 7, padre yupo kila mahali mara moja kwa mwezi, ikiwezekana. Jumapili nyingine zote katekista ndiye anayeongoza sala, anafundisha watoto, anazika. Wengi hawana mshahara. Ni wakulima kama wenzao. Mkituombea sisi, waombeeni wao kwanza.

Kalenda ya kanisa inafuata mkorosho, mkubali msikubali. Mwezi Juni na Julai watu wako mashambani wakipulizia salfa ili ukungu usiue maua. Kuanzia Oktoba ni kuokota. Familia nzima inahamia shamba na Jumapili kanisani wanabaki wazee. Korosho zinapelekwa kwenye chama cha msingi, zinauzwa kwa mnada katika mfumo wa stakabadhi ghalani, kisha mtu anasubiri pesa yake iingie benki. Ndiyo maana jibu la kila ahadi hapa ni moja: "Baada ya mnada, Padre." Bati la kanisa, ada ya mtoto, harusi, yote ni baada ya mnada. Mwaka wa kwanza mume wangu alipanga semina ya ndoa mwezi Novemba. Walikuja watu wanne, na wawili kati yao ni sisi. Sasa semina ni Februari, na watu wanakaa mpaka giza.

Jando na unyago mnavichukuliaje?

Hapa ndugu zetu wa nyumbani wanatarajia nijibu kwa neno moja, nami siwezi.

Askofu Lucas alikabiliana na swali hili hili karne iliyopita. Hakukataza jando; alilileta chini ya malezi ya kanisa, wavulana wa Kikristo wakawa na jando lao, lenye sala na mafundisho, na yale yaliyopingana na imani yakaachwa. Watu wa hapa wanalikumbuka hilo kama heshima waliyopewa. Ni sehemu ya sababu iliyofanya Ukristo huku usiwe nguo ya kuazima.

Kwa wasichana jambo ni gumu zaidi. Unyago una mengi ninayoyathamini: binti anaketi na wanawake wazima, anafundishwa usafi, adabu, mwili wake, jinsi ya kuishi na watu. Lakini anapoingizwa akiwa na miaka 8 au 9, kisha akaambiwa sasa umekua, hapo sikubali, na ninasema waziwazi. Binti akisikia amekua, na wanaume wanasikia. Umoja wa Akina Mama wa parishi yetu wamekubaliana kusubiri mpaka darasa la saba limalizike, na makungwi wawili wakongwe wamekuwa upande wetu. Hilo halikutokana na hotuba yangu. Lilitokana na kungwi mmoja kusimama na kusema mjukuu wake aliacha shule na ujauzito, na kwamba amechoka kulea vitukuu.

Mlisema ndoa za huko zina mjomba. Maana yake?

Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera kwa asili wanahesabu ukoo kwa mama. Watoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ana sauti kubwa. Kwetu Taita ukitaka binti unamwendea baba. Mume wangu aliwahi kuandaa ndoa, akazungumza na baba wa binti mara tatu, kila kitu kikawa sawa. Siku ya kutangaza ndoa akasimama mwanamume mmoja nyuma akasema hajaulizwa. Alikuwa mjomba. Tukarudi mwanzo, kwa haki kabisa. Sasa swali la kwanza kwenye daftari la ndoa ni hilo: mjomba yuko wapi, na anasemaje?

Mnaishije na Waislamu?

Vizuri. Ni wengi kuliko sisi, na ni ndugu wa damu wa watu wetu: mama mmoja, kaka anakwenda msikitini na dada anaimba kwaya. Iddi tunaletewa pilau, Krismasi tunapeleka. Ramadhani sili barabarani. Kukiwa na msiba, kaburi la Mkristo linachimbwa na vijana wa pande zote mbili, na shehe anakaa mkekani na padre.

Na wewe, kazi yako ni nini?

Huku jina langu ni Mama Padre. Ninafundisha shule ya Jumapili, ninakaa na Umoja wa Akina Mama, ninatembelea wazazi waliojifungua.

Niseme na nililoharibu. Mwaka wa kwanza vijana wa kanisa moja nyumbani walinichangia pesa, nikanunua kuku 60 kwa kikundi cha akina mama 12. Nilichora banda mwenyewe. Sikuuliza mtu. Kiangazi mdondo, ugonjwa unaoua kuku, ukaingia. Asubuhi moja niliwakuta 11 wamelala, shingo zimepinda, kinyesi cha kijani. Ndani ya siku 8 walibaki kuku 4. Mwenyekiti wa kikundi alinisaidia kuchimba shimo la kuwazika, akaniambia taratibu, "Mama Padre, sisi tulijua mdondo unakuja. Kila mwaka unakuja. Hukutuuliza."

Tulianza tena baada ya mwaka, wao wakiongoza. Kila mama alileta kuku wake mwenyewe wawili wa kienyeji. Kuna chanjo ya matone, tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Mama mmoja ndiye anayeshika chupa, mwingine anashika kuku, mimi ninaandika daftari. Sasa mayai yao yanauzwa hadi mjini. Wale vijana waliochanga, ninawaomba msamaha tena hapa, na ninawashukuru kwamba hawakutuacha.

Malaria?

Ipo. Tunalala ndani ya chandarua kila usiku, na homa yoyote tunapima siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka hakichukui nusu saa. Mume wangu aliugua mwezi wa pili. Dawa ya mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku, siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Kosa lake lilikuwa kuacha siku ya pili kwa sababu alijisikia mzima na kulikuwa na msiba kijijini. Homa ilirudi mbaya zaidi. Malizeni dozi.

Zahanati tuliyoikimbilia usiku ule ilikuwa imeishiwa dawa, na tulisafiri gizani na mgonjwa katikati ya pikipiki. Najua wenyeji wanaishi hivyo maisha yao yote. Ndiyo maana ninamheshimu sana Dkt. Leader Stirling, daktari mmisionari aliyefanya kazi Lulindi, wilayani Masasi, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Wazee wengine bado wanalitaja jina lake.

Vibali vya kuishi?

Wamisionari wanaomba kibali cha ukaazi daraja C kutoka Uhamiaji. Ombeni wenyewe kupitia kanisa linalowaalika, mapema, na vyeti vyote mkononi. Sisi tulimpa pesa mtu aliyejiita wakala, tukapoteza miezi 5 na pesa pia.

Mko karibu na Msumbiji. Hamwogopi?

Vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilianza 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa Ruvuma, kilishambuliwa na watu wakauawa. Tulipokuja, jambo hilo lilikuwa bado bichi. Tunafuata maelekezo ya serikali ya kijiji na hatutembei kandokando ya mto bila sababu. Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma, kwa hiyo wanaoteseka ng'ambo ni shangazi na binamu wa watu tunaosali nao. Majina yao yanasomwa katika maombi kila Jumapili.

Tuwatumie nini?

Msitume nguo. Tumeni pesa kidogo kidogo kwa simu, na mtuambie ni za kazi gani. Kwa sasa haja ni mbili: matairi ya pikipiki za makatekista, na saruji ya kisima cha kanisa la kijiji cha mwisho, ambalo lina bati zuri na maji yote yanamwagika chini.

Mtarudi lini?

Mkataba wetu unaisha mwakani. Kijana mmoja wa parishi hii yuko chuo cha theolojia, na akipewa upadre tutamkabidhi makanisa 3 kati ya 7. Askofu ametuomba tukae miaka miwili zaidi kumsindikiza. Hatujajibu. Mama yangu amezeeka, na yeye ndiye niliyemwahidi. Tumepanga kwenda Taita Januari, baada ya mnada, tukae naye, tumsikilize anasemaje.